Piko, Kalikiti na Blondi: Historia ya Rangi ya Nywele Dar, na Nani Alisemwa Nani Hakusemwa

Ingia saluni yoyote ya Mwananyamala au Mbagala Rangi Tatu siku ya Jumamosi. Utamkuta dada kakaa na taulo mabegani, nywele kakata fupi, kichwa kimepakwa kitu cheupe kama uji mzito, anasubiri zitoke blondi. Mlango wa pili kwa kinyozi kuna mzee wa heshima zake, koti kalitundika msumarini, kakaa kimya anapakwa piko kwenye ndevu kwa mswaki uliostaafu kazi ya meno. Wote wawili wanabadilisha rangi ya nywele na wote wanatumia kemikali ya dukani. Ila wakitoka nje, dada ndiye atakayepigiwa miluzi pale kituo cha bodaboda, na shangazi zake watamuuliza anataka kufanana na nani. Mzee yeye anaambiwa, "Baba umependeza, umerudi ujana."

Watu wanadhani hizi rangi zimeletwa na Instagram. Hapana, ni za kitambo sana, na ukifuatilia historia yake mjini hapa unaona kitu kimoja kinajirudia kila zama: rangi ya kuficha haiguswi na mtu, rangi ya kuonekana inasemwa hadi mwenye nayo akome. Na kibaya zaidi, ile inayofichwa ndiyo yenye kemikali ambayo wataalamu wa mzio wanaijua kwa jina na kwa sura.

Kabla ya boksi na kopo kulikuwa na hina. Majani ya mhina yanakaushwa, yanatwangwa, yanalowekwa, basi. Ndani yake kuna rangi inayoitwa losoni ambayo inapenda sana keratini, yaani kile kitu kinachojenga nywele, kucha na ngozi ya juu. Ndiyo maana hina inakamata kote huko na haitoki kwa kuosha mara moja. Kwenye nywele nyeusi haionekani sana, unaona tu kama kutu hivi juani. Kwenye mvi ndiyo inawaka, inatoka rangi ya chungwa kabisa. Wale wazee wenye ndevu nyekundu unaowaona wakitoka msikitini Ijumaa Kariakoo au Magomeni hawajakosea boksi, hiyo ni hina, na kwao ni sunna. Tena wanazuoni wengi wanasema mvi zibadilishwe kwa hina lakini nyeusi iepukwe. Kwa maneno mengine, kwenye mji huu huu mzee wa ndevu nyekundu anajulikana wazi kwamba amepaka na hana shida, na mzee wa ndevu nyeusi tititi anataka usijue.

Hina ilikuwa kazi ya nyumbani, na ya wanawake. Inapakwa uani, kwenye mkeka, bi harusi kazungukwa na somo yake na mashoga. Hakuna fundi wa kulipwa kiti, hakuna draya. Ukitaka iwe nyeusi zaidi unaiacha muda mrefu, na hata hapo haifiki nyeusi, inaishia kahawia iliyokolea. Hiyo nyeusi ya kung'aa kwenye mikono ya mabibi harusi wa leo sio hina. Hiyo ni piko.

Sasa piko ni kitu gani hasa? Hapa lazima uende Ulaya kidogo. Mwaka 1863 mkemia Mjerumani, August Wilhelm von Hofmann, alieleza kemikali inayotengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe, jina lake refu ni parafenilinidayamini, watu wanaifupisha PPD. Yenyewe haina rangi ya maana. Ila ikikutana na hewa au na maji ya oksijeni inageuka nyeusi, na ikiwa tayari imeingia ndani ya unywele inavimba pale pale, inakwama, haitoki. Wakati huo huo, kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya 1867, hayo maji ya oksijeni, peroksaidi, yakaonyeshwa kama dawa ya kufanya nywele ziwe za dhahabu. Kwa hiyo rangi mbili za Jumamosi ya Mwananyamala, nyeusi ya mzee na blondi ya dada, zina umri unaokaribiana. Zote zimetoka maabara za karne ya 19.

Halafu akaja kijana wa Kifaransa, Eugène Schueller, mkemia. Mwaka 1907 alitengeneza rangi yake akawa anawauzia wasusi wa Paris, na 1909 akafungua kampuni. Jina la kwanza la kampuni hiyo ukilitafsiri ni Kampuni ya Kifaransa ya Rangi za Nywele Zisizodhuru. Soma tena hilo neno la mwisho. Mtu hawezi kuita duka lake "chakula kisicho na sumu" kama mtaani hakuna aliyelalamika tumbo. Rangi za wakati ule zilikuwa zinaunguza watu, na yeye alijua mteja anaogopa. Kampuni hiyo leo inaitwa L'Oréal.

Poda nyeusi za namna hii zikasambaa dunia nzima, na huku pwani zikapata jina moja, piko, haijalishi kiwanda gani kimetengeneza. Hapo ndipo utundu wa mabibi zetu ulipoingia. Wanawake wa Unguja na Mombasa wakaichukua rangi iliyoandikwa ya nywele wakaichorea maua mikononi na miguuni, kando ya hina nyekundu. Kwa urembo hakuna wa kubisha, inapendeza. Wanaume wao wakaiacha kwenye kazi yake ya mwanzo, yaani mvi. Huyo mjumbe, huyo mwenyekiti wa kikao, huyo mchungaji, huyo mbunge fulani ambaye picha yake ya kampeni haizeeki tangu mfumo wa vyama vingi uanze, majina wenyewe mnayo.

Serikali nayo iliingia kwenye vichwa vya watu, na hii stori vijana wengi hawaijui. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulipitisha azimio kwamba kuanzia Januari 1, 1969 ni marufuku sketi za mini, mawigi, mafuta ya kujichubua, suruali na magauni ya kubana, na kaptula fupi. Ikaitwa Operesheni Vijana. Hata tarehe yenyewe haijafika, Kariakoo kukachafuka. Makundi ya vijana wa kiume yakawa yanawavizia wadada vituo vya mabasi, wanawavuta nguo, wanawazomea, hadi polisi wakaingia kati. Magazetini watu wakabishana kweli kweli, wengine wakiuliza kama shida ni uzungu mbona suti na tai za wakubwa hazimo kwenye orodha.

Angalia hiyo orodha vizuri. Wigi limo. Wigi ni nywele za mwanamke, zinaonekana, unaweza kumsimamisha mtu barabarani ukazivua. Piko haimo. Hakuna aliyesema wazee wenye mvi zilizopakwa nao wameacha utamaduni wa Mwafrika, ingawa ile poda nayo ni ya kiwandani kama wigi lenyewe. Labda hawakuifikiria. Labda waliokaa kwenye vikao vya wakubwa wao walikuwa nayo kichwani. Vyovyote vile, kwenye orodha ya vitu vya kuharibu taifa, vingi kabisa vilikuwa vya mwili wa mwanamke wa mjini, yule aliyetoka kijijini akapata kazi ya uchapaji ofisini na anajinunulia vitu vyake kwa hela yake. Mashindano ya Miss Tanzania yaliyoanza 1967 nayo yakasimama, yakaja kurudi 1994.

Baadaye hata marufuku haikuwa na kazi maana vitu vyenyewe havikuwepo. Baada ya vita vya Kagera, 1978 hadi 1979, nchi ilikauka. Watu walipanga foleni ya sabuni. Mwaka 1983 Sokoine alipoanza kuwashughulikia wahujumu uchumi, kukutwa na katoni ya vipodozi vya nje ndani kwako ilikuwa kesi. Mama yako au bibi yako akikwambia alioga kwa majani ya mpapai usimcheke, waliishi.

Mambo yakaanza kulegea 1984, serikali iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni waingize bidhaa bila kuulizwa sana wamezipata wapi. Mwaka uliofuata akaingia Mwinyi, Mzee Ruksa. Hapo Kariakoo ikafunguka. Lile soko kubwa la Beda Amuli lilikuwa lina miaka 10 tu tangu lifunguliwe 1975, na mitaa inayolizunguka ikageuka mabohari: mitumba, redio, vitenge, na vipodozi. Ndipo likaja neno ambalo wazazi wako wanalijua na wewe pengine umelisikia kwenye utani tu, kalikiti.

Kalikiti ni historia tamu. Miaka ya 1970 Marekani watu weusi walipagawa na zile nywele za mawimbi yanayong'aa mafuta, kali. Saluni ilikuwa ghali, mtu wa kawaida hafiki. Mfanyabiashara mmoja mweusi, Comer Cottrell, mwenye kampuni ya Pro-Line, akatoa boksi la kujitengenezea mwenyewe nyumbani kwa kama dola 8, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Likauzwa vibaya sana. Boksi liliitwa Curly Kit. Wabongo hawakuwa na muda wa kulitafsiri, wakalimeza zima: kalikiti. Kaka wa Temeke aliyekuwa na kalikiti yake na raba nyeupe alikuwa staa wa mtaa, ingawa mto wake wa kulalia ulikuwa umeloa mafuta mpaka mama anauficha wageni wakija. Na hapa ndipo mji ulipojifunza kitu kipya, kwamba dawa ya nywele inaweza kukaa kwenye boksi na maelezo, ukaipaka mwenyewe chumbani kwa msaada wa shoga yako na kopo la maji. Rangi za boksi zilifuata njia hiyo hiyo.

Marekani mchezo huu wa boksi la rangi ulishaanza 1956, Clairol walipotoa rangi inayopauka na kupaka kwa mkupuo mmoja, nyumbani. Tangazo lao lilikuwa la ujanja. Halikusema "utaonekana", lilimuahidi mama wa nyumbani kwamba hakuna atakayejua kama amepaka, isipokuwa msusi wake. Siri ndiyo iliyouzwa. Ukilinganisha na piko ya mzee wetu, ni biashara ile ile.

Huku kwetu aliyeuza siri vizuri zaidi ni Mjapani. Bigen, kile kichupa cha poda cha kampuni ya Hoyu ya Nagoya, unachanganya na maji tu, hakuna chupa ya pili, hakuna harufu ya amonia ya kumwita jirani. Kitu cha kuwashia oksijeni kimeshawekwa humo humo kwenye poda. Na za Kihindi zikaja kwa pakiti ndogo ndogo, unanunua ya kutosha kichwa kimoja, kama vile unavyonunua sabuni ya unga ya kufulia mara moja. Kwa mtu wa Tandika au Manzese anayeishi kwa hela ya siku, pakiti ndogo ndiyo iliyofanya rangi iwe ya kila mtu.

Wadada nao wakapata njia yao ya kuonekana bila kugusa nywele zenyewe. Rasta. Miaka ya 1990 televisheni binafsi zikaanza bara, 1994 (Zanzibar walikuwa na TV, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970, hili Wazanzibari hawatakusamehe ukilisahau). Mamiss wakarudi mwaka huo huo. Video za nje zikaingia sebuleni. Na rangi ikaja kwa namba. Muulize mdada yeyote wa Sinza: moja ni nyeusi kabisa, 1B ni nyeusi ya kawaida, 33 ni kahawia iliyoiva, 30 inakaribia shaba, 27 ni asali, 99J ni mvinyo, 613 ndiyo blondi yenyewe. Hesabu za darasani alikuwa anakimbia lakini hizi kazikariri zote. Uzi wenyewe ni plastiki ya aina fulani, maarufu zaidi ni ile ya Kanekalon waliyoanza kuitengeneza Wajapani wa Kaneka mwaka 1957. Unasuka 27 wiki tatu, unafumua, unarudi nyeusi yako. Bosi akikasirika unafumua Ijumaa.

Wenye pesa wakaona Afrika kuna kichwa cha kuchuma. Mwaka 1998 L'Oréal ikainunua Soft Sheen ya Chicago, 2000 ikainunua Carson, wenye Dark and Lovely. Mwaka 2013 ikaja jirani kabisa, ikanunua vipodozi vya Interconsumer Products ya Kenya, wenye Nice & Lovely. Wahindi wa Godrej, ambao walianza mwaka 1897 kwa kutengeneza makufuli, walinunua Rapidol ya Afrika Kusini wenye rangi za Inecto mwaka 2006, kisha 2011 wakaingia Darling, yale yale marasta. Kwa hiyo uwe na pakiti ya rangi au umesuka rasta ya namba, kuna uwezekano hela yako inaishia Paris au Mumbai. Fundi wa Kinondoni anabaki na ya mikono.

Blondi ya nywele zenyewe ndiyo ilichelewa, na sababu ni kemia zaidi ya aibu. Nywele nyeusi huwezi kuzipaka njano ikaonekana, lazima kwanza utoe weusi wake kwa blichi. Poda ya blichi ikichanganywa na peroksaidi inakula rangi ya asili hatua kwa hatua: nyeusi inakuwa kahawia, inakuwa nyekundu, inakuwa chungwa, ndio inafika njano. Peroksaidi inauzwa kwa nguvu zake: namba 20 ni asilimia 6, namba 30 ni 9, namba 40 ni 12. Wanaofanya haraka wanarukia 40. Halafu kichwa kinaanza kuwasha, dada anakimbilia bombani, anaosha kabla haijafika, anatoka na rangi ya chungwa. Ile rangi ya chungwa unayoiona sana kwenye daladala za Gongo la Mboto sio fasheni, ni safari iliyokatishwa Morogoro.

Na kuna nywele zisizotaka kabisa mchezo huu, zile zilizowekwa dawa ya kunyoosha. Dawa imeshavunja vifungo vya unywele, blichi ikija juu yake unywele unakatika kama tambi kavu. Ndiyo maana blondi ya mtaani imestawi zaidi kwa wadada waliokata nywele zote zikabaki fupi za asili. Zikiharibika ananyoa, zinaota. Na kumbuka hapo Bongo binti wa shule ya serikali ameishi miaka yote na kichwa cha kunyoa, kwa hiyo matokeo ya kidato cha nne hayajatoka tayari kichwa kimeshakuwa cha dhahabu. Wengi wao ndio hao hao wanaoishia kuwa mafundi. Ajira hakuna, ada ya chuo hakuna, anaanza kwa kumshikia mtu draya, baada ya mwaka anakodi kiti.

Shida nyingine ya rangi ya nyumbani haimo kwenye maelezo ya boksi lolote, nayo ni maji. Blichi inataka kuoshwa ikifika, sio ikipatikana. Oktoba 2022 DAWASA walipotangaza mgawo kwa sababu Ruvu ilikuwa imepungua, nani angekaa na peroksaidi kichwani Kimara akisubiri bomba? Mwenye saluni yenye tenki alikuwa na uhakika wa mteja.

Basi wakubwa wakaendelea kusema. Septemba 2018 Spika wa wakati huo, Job Ndugai, aliwapiga marufuku wabunge wa kike kuingia bungeni na kope za bandia na kucha za bandia. Sababu iliyotolewa ilikuwa afya. Sawa, gundi za kope zina matatizo yake. Juni 2019 bajeti ya Waziri Mpango ikaweka ushuru wa asilimia 25 kwa mawigi na nywele bandia za kutoka nje na 10 kwa zinazotengenezwa ndani, kuanzia Julai 1. Miaka 50 kamili tangu Operesheni Vijana na wigi limerudi mezani, safari hii kwa upole, unaruhusiwa kulivaa ila ulilipie. Piko imekaa pembeni inatazama. Kama hoja ni afya, ilipaswa kuwa ya kwanza kuitwa.

Kwa sababu hiyo PPD ina tabia mbaya. Mara ya kwanza inaweza isikufanye chochote. Mwili unaikariri. Ukishaikariri, umemaliza, unabaki nayo maisha yote, na kila ikirudi mwili unaipokea kwa vita: kichwa kinatoa majimaji, kope zinavimba mpaka macho yanafunga, masikio yanakuwa mekundu. Wengine wakishafika hapo hata baadhi ya ganzi za dawa, mipira fulani na rangi za nguo zinawasumbua, maana kemikali zake ni ndugu. Kwenye nywele, nchi za Ulaya zimeweka kikomo cha asilimia 2 ikishachanganywa. Kwenye ngozi hairuhusiwi kabisa. Piko ya kuchorea mikononi haina kikomo wala haipimwi na mtu, na inawekwa kwenye ngozi moja kwa moja, inakaushwa, inaachwa.

Unganisha sasa. Binti anachorwa piko akiwa na miaka 8 kwenye harusi ya dada yake, anachorwa tena Idi, anachorwa harusi yake mwenyewe. Pengine mara moja ngozi iliwasha ikatoa vipele kwenye mistari ya maua, wakasema ni hasadi au joto. Akifika miaka 40 mvi zinaanza, ananunua pakiti ndogo. Asubuhi anaamka uso haujulikani. Kila mtu analaumu pakiti ya juzi, hakuna anayekumbuka maua. Maboksi ya Ulaya tangu 2011 yamelazimishwa kuandika onyo la jambo hilo hilo, kwamba ukishawahi kuchorwa hina nyeusi hatari yako ya mzio imepanda, na kwamba rangi hizi sio za watu chini ya miaka 16.

Huku kazi ya kukagua vipodozi ilikuwa ya TFDA kuanzia 2003, na 2019 ikahamishiwa TBS. Kelele zao nyingi zimekuwa juu ya mafuta ya kujichubua, zebaki na haidrokwinoni, na kelele hizo zina haki. Lakini mafuta ya kujichubua nayo ni kitu cha mwanamke anayeonekana. Poda nyeusi ya kuuzwa bila boksi, iliyopimwa kwa kijiko kwenye karatasi, haina mtu wa kuisema kwa sauti hiyo.

Anayeipata zaidi kuliko wote ni fundi. Mteja anapaka mara moja kwa mwezi, fundi anapaka vichwa sita kwa siku. Mwaka 2010 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, lilitoa ripoti iliyoweka kazi ya ususi na unyozi kwenye kundi la kazi ambazo huenda zinasababisha saratani. Kwa anayepaka kichwa chake mwenyewe walisema ushahidi hautoshi kuamua. Glavu zinazokuja ndani ya boksi ni pea moja, nyembamba kama ngozi ya kitunguu, zinapasuka kabla hujamaliza kisogo. Angalia vidole vya dada wa saluni siku ukienda, kucha zake nyeusi pembeni sio uchafu. Vinyozi ndio wamezidi siku hizi, maana vijana wa miaka 22 wasio na mvi hata moja nao wanapakwa nyeusi kwenye ndevu na pembeni mwa kichwa ili mstari wa wembe utokee vizuri kwenye picha. Wiki baada ya wiki, dawa inawekwa kwenye ngozi iliyotoka kunyolewa sasa hivi.

Na kipimo chenyewe ni rahisi mno, kiko kwenye maboksi mengi, kwa maandishi madogo na mara nyingi sio Kiswahili: paka kidogo nyuma ya sikio au kwenye kiwiko, subiri saa 48, ikiwasha acha. Haina gharama yoyote zaidi ya kuja saluni mara mbili. Ila harusi ni Jumamosi jioni, mteja ameingia Jumamosi saa 4 asubuhi, foleni imefika mlangoni, na fundi akimwambia arudi Jumatatu anajua kabisa atavuka barabara kwenda kwa mwenzake ambaye hatamuuliza kitu.